Jinsi ya kupima chanzo cha maji ya mserereko kwa utaratibu wa Luteni Meigs

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za maji, mafundi vijana na walimu wa vijijini katika milima ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo, ambako chemchemi ni nyingi na maji yanaweza kushuka yenyewe hadi kijijini bila pampu wala dizeli. Unahusu kazi inayotangulia ujenzi, yaani kulinganisha vyanzo, kupima wingi wa maji, kupima kimo, kuitembea njia ya bomba na kuandika ripoti ambayo mhandisi wa wilaya ataweza kuifanyia kazi. Nimeamua kuieleza kazi hiyo kwa kumfuata mtu mmoja, Montgomery C. Meigs, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyezaliwa mwaka 1816, kwa sababu upimaji alioufanya akiwa bado luteni, mwishoni mwa 1852 na mwanzoni mwa 1853, ni mfano ulio wazi kuliko yote niliyoisoma wa mtu aliyekataa kuchagua chanzo kabla ya kuvipima vyote.

Umuhimu wa jambo hilo niliujifunza kwa hasara. Katika mradi wa kwanza nilioshiriki nikiwa katibu wa kamati, tulipima chemchemi moja tu, ile iliyokuwa karibu, na tuliipima mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimekolea. Ndoo ilijaa kabla hatujamaliza kuhesabu hadi kumi, wazee wakapiga makofi, na bomba likanunuliwa. Ilipofika Septemba, akina mama walikuwa wamepanga madumu tangu saa kumi za usiku mbele ya bomba lililotoa uzi mwembamba wa maji, na wengine walikuwa wamekwisha kurudi kwenye kijito cha zamani bondeni. Hakuna fundi aliyetuharibia kazi, wala bomba halikupasuka. Kosa lilikuwa katika daftari letu, ambalo lilikuwa na kipimo kimoja tu.

Miaka 16 kabla ya kazi kubwa

Meigs alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1836, akiwa wa tano katika darasa lake, na baada ya muda mfupi katika kikosi cha mizinga akahamishiwa kikosi cha wahandisi. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 21, alipelekwa kwenye mto Mississippi kama msaidizi wa Luteni Robert E. Lee, yule ambaye baadaye aliongoza jeshi la majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati ambapo Meigs alibaki upande wa serikali kuu. Lakini mwaka huo walikuwa vijana wawili wenye kamba, vyombo vya kupimia na mashua. Walipima maporomoko ya Des Moines, ambako miamba ilizuia meli za mvuke wakati maji yakipungua, kisha wakaipima bandari ya St. Louis, ambako mchanga ulikuwa ukijikusanya na kuusukuma mkondo wa mto kuelekea ng'ambo ya pili, hata mji ukawa katika hatari ya kukosa maji ya kutosha kuleta meli gatini. Kuna wakati walilala ndani ya meli ya mvuke iliyokuwa imekwama juu ya miamba, na mchana wakapima kina cha mto sehemu baada ya sehemu. Ramani ya maporomoko hayo ina jina la Meigs kama mmoja wa waliochora.

Mtu wa Kigoma ataielewa kazi ya St. Louis bila kuelezwa sana, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa ambalo mito huliletea udongo kila masika, na wavuvi wetu wanajua kwamba mchanga uliokuwa hapa mwaka jana huenda mwaka huu uko pengine. Mto haupimwi mara moja ukaisha. Meigs alilijua hilo mapema, na nadhani ndiyo sababu hakuamini kipimo cha siku moja maisha yake yote.

Baada ya hapo alitumwa kwenye ngome moja baada ya nyingine: kwenye mto Delaware, kisha Detroit alikosimamia kwa miaka mingi ujenzi wa ngome ya Fort Wayne, kisha kwenye ziwa Champlain karibu na mpaka wa Kanada. Zilikuwa kazi za matofali, chokaa, vibarua na hesabu za fedha, na kwa miaka yote hiyo hakupanda kupita luteni. Halafu, mkesha wa Krismasi mwaka 1851, moto uliteketeza Maktaba ya Bunge mjini Washington na kuharibu vitabu takriban 35,000 kati ya 55,000, na ikaonekana wazi kwamba mji mkuu haukuwa na maji ya kuzimia moto wala ya kutosha watu wake, waliotegemea visima na chemchemi. Bunge likatoa dola 5,000 za kufanya upimaji. Ofisa aliyetangulia kupewa kazi hiyo alifariki mwaka 1852, na Meigs akaitwa kuichukua. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kwanza orodhesha vyanzo vyote

Meigs alikuta vyanzo vitatu vinavyozungumzwa, na akavipima vyote. Kijito cha Rock Creek kilikuwa karibu kabisa na mji. Maporomoko madogo ya mto Potomac, Little Falls, yalikuwa mbali kidogo, yakiwa na maji mengi lakini katika kimo cha chini, kwa hiyo maji yake yangehitaji kusukumwa kwa mitambo. Maporomoko makubwa, Great Falls, yalikuwa mbali zaidi, kwenye umbali wa maili zipatazo 12 za mfereji, yaani karibu kilomita 19, lakini yalikuwa juu kiasi cha kuyaruhusu maji kushuka hadi mjini kwa uzito wake yenyewe.

Fanya vivyo hivyo. Kaa na wazee, wawindaji wa zamani, wachungaji na hasa wanawake wanaochota maji, uwaombe wataje kila chemchemi na kila kijito kilicho juu ya kijiji, hata kile ambacho kila mtu anasema kiko mbali mno. Kwa kila chanzo uliza swali moja: ni mwaka gani kiliwahi kukauka? Jibu la mama aliyechota hapo kwa miaka 30 lina thamani sawa na kipimo chako, kwa sababu linafika katika miaka ambayo wewe hukuwepo. Andika kila chanzo katika ukurasa wake, chenye jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji kwa Kiha, tarehe, saa, hali ya hewa ya siku tatu zilizopita na jina la aliyekuwa akishika saa. Meigs aliweka shajara yake kwa hati mkato katika miaka ya kazi yake hiyo ya Washington. Wewe huhitaji hati mkato, ila uandike palepale chemchemini na si jioni nyumbani, kwa maana tarakimu iliyobebwa kichwani kilomita tano hugeuka njiani.

Kupima wingi wa maji

Kipimo kinachotakiwa ni cha mwisho wa kiangazi, Septemba hadi mvua za kwanza zinapokaribia, kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho kijiji kitapata katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka. Ukiweza, pima kila mwezi kwa mwaka mzima. Usipoweza, pima mara tatu kati ya Agosti na Oktoba.

Ziba njia ya maji kwa udongo wa mfinyanzi na mawe, ukiacha nafasi ya kipande cha bomba au gome la mgomba ambalo litayakusanya maji yote yaanguke mahali pamoja. Subiri hadi maji yaliyotuama nyuma ya kizuizi yatulie na yale yanayotoka yawe sawa na yale yanayoingia, jambo ambalo huweza kuchukua nusu saa na zaidi. Wengi huharakisha hapa, na kipimo chao huwa cha bwawa dogo linalojimwaga, si cha chemchemi. Angalia kama kuna maji yanayopenya chini ya kizuizi, uyazibe. Kisha weka ndoo ya lita 20 na upime kwa saa ya simu ni sekunde ngapi inajaa. Rudia mara tano, utupe kipimo ambacho mkono ulichelewa, uchukue wastani wa vilivyobaki.

Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 25. Hizo ni lita 0.8 kwa sekunde, au lita 2,880 kwa saa, au lita 69,120 kwa siku nzima ikiwa kuna tangi la kuyahifadhi maji ya usiku. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, zipatikane ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Kijiji chenye watu 1,500 leo kinahitaji lita 37,500, na mtu atasema kwamba chemchemi hiyo inatosha na kubaki. Lakini bomba linalazwa kwa ajili ya miaka 20. Watu wakiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka hiyo watakuwa kama 2,700, nao watahitaji takriban lita 67,700. Hapo hakuna kilichobaki kwa uvujaji, kwa zahanati, kwa shule, wala kwa kijito chenyewe ambacho walio chini wanakitegemea na ambacho hakipaswi kukaushwa. Chemchemi hiyo haitoshi peke yake.

Hii ndiyo hesabu iliyoiangusha Rock Creek. Ilikuwa karibu na ya gharama ndogo, na ingeweza kuutosheleza mji wa mwaka 1853, lakini Meigs aliutazama mji utakaokuwepo wajukuu wakizaliwa, akaona kwamba kijito hicho kingelazimisha kazi ifanywe mara mbili.

Kupima kimo

Usitegemee simu kwa kazi hii. Inaweza kukosea kimo kwa mita kumi au zaidi, na mita kumi zinatosha kuharibu mradi. Tumia mpira wa pima maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Chukua mpira wa mita 17 hivi na mbao mbili nyoofu zenye urefu wa mita mbili, uzichore sentimita kuanzia chini, ufunge ncha za mpira kwenye mbao hizo, na ukate kamba ya mita 15 ya kupimia hatua. Jaza maji taratibu hadi usawa wa kifua, na upitishe macho kwenye mpira wote kutafuta mapovu ya hewa, kwa kuwa povu moja dogo lililojificha kwenye mkunjo hukupa jibu la uongo bila kukuonya. Gongagonga mpira kwa vidole mpaka mapovu yapande na kutoka.

Msaidizi wa kwanza asimamishe ubao wake chemchemini, wa pili atembee mita 15 akifuata njia ya bomba na kusimamisha wake. Wakati wa kutembea kila mmoja huziba ncha yake kwa dole gumba, na wakishasimama wote wawili hufungua. Ni kosa la kila siku mmoja kusahau kufungua, na maji yakabaki yamesimama pasipo usawa. Maji yakitulia, soma ubao wa juu, soma ubao wa chini, uandike. Ukisoma sentimita 142 juu na 187 chini, ardhi imeshuka sentimita 45 katika hatua hiyo. Kisha wa nyuma anampita wa mbele, na kazi inaendelea hivyo hadi mahali pa tangi.

Njia ya mita 1,800 ina hatua 120, na kwa watu watatu waliozoea hiyo ni kazi ya siku moja yenye jua kali. Siku ya pili rudini mkipanda kwa kupima upya. Ikiwa mlishuka mita 64.1 na mnapanda mita 63.9, vipimo vyenu ni vizuri. Tofauti ikizidi nusu mita, mahali fulani mlikosea, na hakuna njia nyingine ila kurudia. Siku hii ya pili ndiyo ambayo kamati nyingi huiruka kwa kuona kwamba jibu limeshapatikana.

Kuitembea njia ya bomba

Hapa kazi yetu inatofautiana na ya Meigs, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Yeye alibuni mfereji wa mviringo uliojengwa kwa matofali, wenye kipenyo cha futi 9, ambamo maji yangeshuka kwa mteremko mdogo usiofika futi moja kwa kila maili. Mfereji wa namna hiyo hauwezi kushuka bondeni na kupanda tena, kwa hiyo palipokuwa na kilima alichimba handaki, na palipokuwa na bonde akajenga daraja. Juu ya kijito cha Cabin John alijenga tao moja la mawe lenye upana wa futi 220, karibu mita 67, ambalo kwa takriban miaka 40 lilikuwa tao refu kuliko yote ya mawe duniani.

Bomba letu limefungwa na linahimili mgandamizo, kwa hiyo linaweza kushuka bondeni na kupanda kilima cha ng'ambo, mradi kilima hicho kibaki chini ya kimo cha chanzo kwa kiasi cha kutosha kufidia msuguano wa njia hadi hapo. Lakini mgandamizo huo una gharama yake. Kila mita kumi za kushuka huongeza takriban baa moja ya mgandamizo. Usiku, mabomba yote ya kuchotea yakiwa yamefungwa, bomba lililo mita 64 chini ya chanzo hubeba kama baa 6.4, na bomba la daraja la baa 6 linaweza kupasuka hapo hata kama mchana lilionekana zima. Kwa hiyo sehemu ya chini inunuliwe bomba la baa 10, au katikati ya njia pajengwe tangi la kupunguza mgandamizo ambamo maji hupumua na kuanza safari upya. Weka alama kwenye daftari kila kilele kidogo, ambako hewa itajikusanya na kuhitaji valvu ya kuitoa, na kila bonde, ambako matope yatatua na kuhitaji toleo la kusafishia.

Andika pia jina la kila mwenye shamba ambaye bomba litapita kwake, na upate ridhaa yake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa maandishi. Hata serikali ya Marekani, pamoja na nguvu zake, ilibidi ipate kwanza ridhaa ya jimbo la Maryland, ambalo ardhi yake ilikuwa ndiyo njia ya mfereji. Kwa upande wetu mradi unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka ofisi ya bonde, ambayo kwa Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapa Kigoma, na mita 60 kuzunguka chanzo haziruhusiwi kulimwa wala kujengwa. Chukua sampuli ya maji ipelekwe maabara kabla ya jambo lolote la gharama.

Ukubwa wa bomba

Sehemu ya ripoti ya Meigs ninayoipenda zaidi ni pale alipolinganisha mfereji wa futi 7 na wa futi 9. Kipenyo kilizidi kwa chini ya theluthi moja, lakini kwa mteremko uleule maji yangekaribia kuongezeka maradufu, ilhali kuchimba, kusafirisha na kulipa vibarua hakungepanda kwa kiwango hicho. Kanuni hiyo haibagui futi na inchi. Bomba la inchi 2 hupitisha takriban mara mbili ya bomba la inchi moja na nusu katika mteremko uleule, na mtaro wa kulilaza ni uleule, wenye kina kilekile na jasho lilelile. Kamati inapotaka kupunguza gharama, mkono wake huenda kwanza kwenye kipenyo cha bomba. Punguzeni kwingine.

Kuiandika ripoti

Meigs aliitwa vuli ya 1852 na mwezi wa Februari 1853 ripoti yake ilikuwa mezani. Ndani yake vyanzo vyote vitatu vilikuwa na makadirio ya gharama na wingi wa maji, pamoja na vile alivyovikataa, ili msomaji aweze kufuata hesabu na kubishana nayo. Alipendekeza Great Falls, chanzo cha mbali zaidi. Machi mwaka huohuo Bunge lilitoa dola 100,000 za kuanzia, na Meigs akapandishwa kuwa kapteni. Kazi ilianza rasmi tarehe 8 Novemba 1853. Maji ya kwanza, ya kijito cha njiani, yaliingia mjini Januari 1859, na yale ya Potomac kutoka Great Falls yalifika Desemba 1863, vita vikiwa vimepamba moto.

Ripoti yako iwe na kurasa chache: jedwali la vyanzo vyote na vipimo vya kila tarehe, hesabu ya watu wa leo na wa miaka 20 ijayo, mchoro wa njia unaoonyesha kimo kwa kila mita 100, orodha ya wenye mashamba, na mwisho pendekezo lako pamoja na sababu za kukataa mengine. Ukiwa na chanzo cha chini chenye maji mengi, usikifiche. Mji wa Kigoma wenyewe uko kando ya ziwa na bado maji lazima yasukumwe kwa pampu kupanda milimani, kwa hiyo pampu si aibu, ila umeme wake utalipwa kila mwezi na watumiaji, na kiasi hicho kinapaswa kuonekana katika jedwali mbele ya mkutano wa kijiji.

Tengeneza nakala tatu. Moja iende kwa wakala wa maji vijijini wilayani, moja ibaki ofisi ya kijiji, na ya tatu itunzwe na chombo cha watumia maji pamoja na daftari la awali lenye matope ya chemchemini, kwa sababu bomba likianza kupungua maji baada ya miaka minane, fundi atakayekuja atataka kujua kwanza chemchemi ilitoa sekunde ngapi kwa ndoo mwezi wa Oktoba kabla ya bomba kulazwa.